Kwa nini nauli za ndege ya Songwe hupishana, na namna ya kununua tiketi bila kulipa zaidi: mwongozo kamili kwa wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini

Anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam huijua nauli kabla hajafika stendi, kwa sababu Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga kikomo cha nauli za mabasi ya daraja la kawaida na la kati kwa kila kilometa, na barabara ile ya kilometa zaidi ya 800 hairefuki kwa kuwa leo ni Ijumaa. Mtu huyohuyo akitafuta tiketi ya ndege kutoka uwanja wa Songwe, unaohudumia Mbeya, hukuta kwamba nauli ya asubuhi si ya jioni, ya Jumatano si ya Ijumaa, na ile aliyoiona jana usiku leo mchana haipo tena. Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba wanapunjwa au kwamba ndege ni ya wenye uwezo tu. Nimeona mara nyingi mno watu wa kipato cha kawaida wakilipa nauli ya juu kabisa kwa safari ambayo tarehe yake waliijua miezi miwili kabla, na jambo hilo huniuma, kwa kuwa lingeweza kuepukwa na yeyote anayejua jinsi nauli hizo zinavyopangwa. Kwa hiyo nitaanza na upangaji wenyewe, kisha nitaeleza hatua za ununuzi, maana hatua zisizo na sababu husahaulika mapema.

Nauli huuzwa kwa mafungu

Anayepita Ilula, kwenye barabara kuu ya kuingia Iringa, huona nyanya zimepangwa mafungumafungu, kila fungu na bei yake. Viti vya ndege huuzwa kwa mtindo unaokaribiana na huo. Viti vyote vya daraja la kawaida vinafanana, lakini katika kompyuta ya shirika vimegawanywa katika mafungu yanayotambulishwa kwa herufi, na kila herufi ina nauli yake na masharti yake. Fungu la chini likiisha, mfumo huonyesha lile linalofuata, na mnunuzi huona kwamba bei imepanda, ingawa kilichotokea ni kwamba viti vya bei ile vimekwisha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege aina ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania ina viti 76. Tuseme viti 15 vimewekewa nauli ya Sh180,000, viti 20 Sh230,000, viti 25 Sh290,000, na 16 vya mwisho Sh380,000. Vikinunuliwa vyote, shirika hupata Sh20,630,000, yaani wastani wa Sh271,000 na ushei kwa kila kiti. Swali la haki ni hili: kwa nini lisimtoze kila mtu wastani huo, yakaisha? Jibu ni kwamba mwanafunzi na mama anayekwenda kumwona mjukuu hawatalipa Sh271,000; watapanda basi, na viti vyao vitaruka vitupu. Wakati huohuo mkandarasi anayewahi kufungua zabuni angelipa Sh380,000 bila kusita, na shirika lingempokea kwa Sh271,000. Mafungu yapo ili wote wawili wapande ndege moja, kila mmoja kwa kiasi anachokubali kutoa.

Hapa ndipo kiti kinapoachana na nyanya. Muuza nyanya akiona jua linazama hushusha bei, kwa sababu kesho zitakuwa zimelainika. Kiti nacho huharibika, tena kwa ghafla zaidi, kwa kuwa ndege ikishaacha ardhi kiti kitupu hakina thamani yoyote. Hata hivyo bei yake hupanda kadiri saa ya kuruka inavyokaribia. Sababu ni wanunuzi wenyewe. Wanaonunua mapema huwa na muda wa kuchagua, na wanaonunua siku ya mwisho huwa wamebanwa na msiba, ugonjwa, mahakama au biashara, na shirika linajua hilo.

Kanuni ya kuamua ni viti vingapi vizuiwe kwa ajili ya hao wa mwisho iliandikwa mwaka 1972 na Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi BOAC, shirika la Uingereza lililokuja kuwa sehemu ya British Airways. Kanuni hiyo inasema: uza kiti kwa bei ya chini ikiwa tu bei hiyo inazidi bei ya juu ikizidishwa na uwezekano wa kumpata mnunuzi wa bei ya juu. Kama bei ya chini ni Sh180,000 na ya juu ni Sh360,000, mpaka uko kwenye nusu kamili. Uwezekano wa kumpata anayelipa Sh360,000 ukizidi asilimia 50, fungu la chini hufungwa, hata kama viti vipo. Ndiyo maana ndege inaweza kuonyesha nauli kubwa na bado ikaruka na viti vitupu. Mtindo huu ulikomaa nchini Marekani baada ya sheria ya mwaka 1978 kuyaachia mashirika uhuru wa kujipangia nauli. Mwaka 1985 American Airlines ilitumia kompyuta kuuza baadhi tu ya viti vyake kwa nauli za chini sana ili kushindana na People Express, huku ikivilinda vilivyobaki kwa wasafiri wa dakika za mwisho, na kufikia 1987 People Express ilikuwa imemezwa na wengine.

Mambo yanayosukuma nauli za huku kwetu

La kwanza ni ukubwa wa ndege. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, karibu mara mbili ya Q400, na ATR 72 za Precision Air zina viti takriban 70. Ndege ndogo ikipangwa mahali pa kubwa, viti vinavyokatwa kwanza ni vya mafungu ya chini. Hali hiyo ilionekana kuanzia mwishoni mwa 2022, wakati ndege za A220 zilipolazimika kusimama kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney yaliyoyakumba mashirika mengi duniani, na viti vya kwenda mikoani vikapungua.

La pili ni ushindani. Songwe ilifunguliwa Desemba 2012, ikachukua nafasi ya uwanja mdogo wa mjini ambao haukuweza kupokea ndege kubwa za abiria, na mwaka uliofuata Fastjet ikaingia na ndege za Airbus A319. Shirika hilo lilitangaza nauli zilizoanzia Sh32,000 kabla ya ada na kodi, na watu ambao hawakuwahi kufikiria kupanda ndege walipanda. Liliacha kuruka mwishoni mwa 2018. Njia yenye mashirika mawili yanayoruka saa zinazokaribiana huwa na mafungu ya chini mengi kuliko njia yenye shirika moja, na ndiyo maana anayetumia Nduli, Iringa, au uwanja wa Songea hawezi kutarajia uchaguzi uleule anaoupata mwenzake wa Songwe.

La tatu ni mafuta. Mafuta ya ndege huchukua takriban robo hadi theluthi ya gharama za shirika, na huagizwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikidhoofika nauli zote husogea juu. Huwezi kufanya lolote kuhusu hilo.

La nne, ambalo unaweza kufanya jambo kubwa kulihusu, ni mwelekeo wa umati. Wiki ya kuelekea Krismasi ndege za kutoka Dar es Salaam kuja Songwe hujaa watu wanaorudi Rungwe, Kyela, Mbozi na Ileje, na ndege hizohizo hurudi Dar es Salaam zikiwa na nafasi tele. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, mambo hugeuka. Vivyo hivyo siku za kuelekea Nane Nane, maonesho yanapokuwa kwenye viwanja vya John Mwakangale, na wakati wa Pasaka. Siku moja, ndege moja, marubani walewale, lakini nauli ya kuja ni mbali na nauli ya kwenda.

Hatua ya kwanza: ijue safari yako kabla ya kuangalia bei

Andika mambo matatu: tarehe ambayo lazima uwe umefika, siku ngapi unaweza kusogeza mbele au nyuma, na uwezekano wa safari kuahirishwa. La tatu husahaulika, nalo ndilo linaloamua ununue fungu gani. Tarehe za harusi, mahafali, kliniki iliyopangwa na kufungua vyuo hujulikana mapema. Za kesi na zabuni huhama.

Hatua ya pili: chagua siku na saa

Mara nyingi Jumanne, Jumatano na Jumamosi huwa nafuu kuliko Ijumaa, Jumapili na Jumatatu asubuhi, kwa kuwa watumishi na wafanyabiashara husafiri mwanzo na mwisho wa juma. Usichanganye siku ya kusafiri na siku ya kununua. Wapo wanaoamini kwamba tiketi inayonunuliwa Jumanne usiku ni rahisi; kinachopunguza nauli kwa uhakika zaidi ni siku utakayopaa.

Kwa safari za ndani, anza kuangalia wiki sita hadi nane kabla, na kwa sikukuu anza miezi mitatu kabla. Mashirika mengi duniani huambatanisha mafungu ya chini na sharti la kununua siku 21, 14, 7 au 3 kabla ya safari, kwa hiyo nauli inaweza kuruka usiku wa kuamkia siku ya 13 au ya 6 kabla ya safari hata kama hakuna aliyenunua kiti. Usisubiri hadi ufike kwenye ukingo huo.

Hatua ya tatu: tafuta kwa mtu mmoja kwanza, hata kama mko watano

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi zaidi kwa familia, na ndiyo isiyojulikana kabisa. Mifumo mingi ya tiketi huwapa abiria wote wa ombi moja fungu moja. Ukiomba viti vitano na fungu la chini limebakiza vitatu, mfumo haukupi vitatu kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu; unawapandisha wote watano. Tuseme fungu la chini ni Sh190,000 na linalofuata ni Sh250,000. Kwa ombi moja mtalipa Sh1,250,000. Mkinunua vitatu kwanza, kisha viwili, mtalipa Sh570,000 na Sh500,000, jumla Sh1,070,000. Sh180,000 zimebaki mfukoni, na mtakaa ndege ileile.

Nililijua hili tulipokuwa tukisafiri watano kwenda kwenye harusi ya ndugu. Wakala alitutajia nauli moja kwa wote. Nilipoangalia usiku kwa jina langu peke yangu, nikakuta nauli ya chini zaidi. Tangu hapo huangalia kwa mtu mmoja, kisha wawili, kisha watatu, mpaka nione bei inapandia wapi. Angalizo ni kwamba tiketi zilizonunuliwa kwa maombi mawili huwa na namba mbili za uhifadhi, kwa hiyo ndege ikiahirishwa mwonyesheni mhudumu namba zote ili msitenganishwe, na kila mtoto awe kwenye namba moja na mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa kwa kawaida hulipa asilimia 10 tu ya nauli, lakini lazima atajwe tangu mwanzo.

Linganisha pia mashirika yote yanayoruka njia hiyo, kwenye tovuti zao au ofisini kwao, si kwa wakala mmoja tu. Wakala mwaminifu ana faida yake, hasa kwa asiyezoea malipo ya mtandaoni, ila mwulize waziwazi nauli ya shirika ni kiasi gani na ada yake ni kiasi gani.

Kuhusu imani kwamba kuangalia mara nyingi hupandisha bei: kupanda huko hueleweka bila kumtilia shaka mtu. Kila anayehifadhi nafasi bila kulipa hushikilia kiti kwa muda, na asipolipa kiti hurudi kwenye fungu lake. Ndiyo maana nauli iliyopanda jioni inaweza kushuka alfajiri. Kama unaona imepanda ghafla na safari yako bado ni mbali, rudi baada ya saa 24.

Hatua ya nne: soma masharti, kisha ndipo ulinganishe

Tiketi mbili zenye bei tofauti si lazima ziwe bidhaa moja. Ya bei ya chini inaweza kukataa marejesho, ikatoza faini ya kubadili tarehe pamoja na tofauti ya nauli, na ikaruhusu mzigo mdogo zaidi. Uliza maswali manne: mzigo wa kukabidhi uwanjani ni kilo ngapi, kubadili tarehe ni kiasi gani, nisiposafiri narudishiwa nini, na jina likikosewa inakuwaje. Anayesafiri na ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela au parachichi za Njombe kwa ajili ya ndugu wa mjini asilipuuze swali la kwanza, kwa kuwa kilo za ziada zinaweza kumeza nafuu yote aliyoipata.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya fedha unayolipa haiendi kwa shirika. Ada ya huduma ya abiria uwanjani na ada ya usalama ni viwango vilivyopangwa, havipungui kwa sababu umenunua fungu la chini, na kwa hiyo tangazo la nauli “kuanzia” lisikufanye ufunge hesabu kabla ya kuona jumla ya mwisho. Usiposafiri, ulizia kama ada hizo zinarejeshwa hata pale ambapo nauli yenyewe hairejeshwi.

Na hili lishikwe sana: kama umenunua kwenda na kurudi kwa tiketi moja, kisha ukakosa ndege ya kwenda na kuamua kupanda basi, mara nyingi tiketi ya kurudi hufutwa. Piga simu kwa shirika kabla ndege haijaruka.

Hatua ya tano: piga hesabu mpaka mlangoni

Uwanja wa Songwe uko zaidi ya kilometa 20 kutoka katikati ya Jiji la Mbeya, na njia yake hupitia Iwambi na Mbalizi ambako malori ya Tunduma huweza kukuzuia kwa muda mrefu. Ongeza nauli ya teksi pande zote mbili, na muda. Aliyeko Vwawa au Tunduma yuko upande wa pili wa uwanja, na uwanja huo humfaa. Aliyeko Makambako au Njombe alinganishe kwa makini safari ya barabara hadi Songwe, gharama ya kulala Mbeya ikiwa ndege ni ya alfajiri, na basi la moja kwa moja. Aliyeko Iringa anaweza kukuta ni nafuu kwenda Dodoma kwa basi na kumalizia kwa treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024.

Kwa anayeunganisha safari ya nje, kwa mfano mfanyabiashara anayekwenda Dubai, Johannesburg au Guangzhou, uliza nauli ya tiketi moja kutoka Songwe hadi mwisho wa safari kabla hujanunua vipande viwili. Wakati mwingine kipande cha Songwe huongeza fedha kidogo sana. Muhimu zaidi, ukungu wa Songwe ukichelewesha ndege ya kwanza, mwenye tiketi moja hupangiwa nyingine, na mwenye tiketi mbili tofauti huhesabiwa kuwa amechelewa mwenyewe. Ukinunua mbili, fika Dar es Salaam siku moja kabla.

Safari ya msiba

Anayefiwa hununua siku ileile, yaani fungu la juu kabisa, akiwa na akili iliyotawanyika. Katika familia, mteueni mtu mmoja asiye karibu sana na jeneza ashughulikie tiketi. Aangalie ndege zote za siku hiyo na ya kesho yake asubuhi, atenganishe wanaopaswa kufika kwa maziko na wanaoweza kufuata kwa basi la usiku, atumie njia ya kuangalia mtu mmojammoja, na asinunue tiketi za kurudi mpaka siku ya kuanua matanga ijulikane, kwa kuwa faini za kubadili tarehe mara nyingi huzidi kile kilichookolewa. Aulize pia ofisini kwa shirika kama kuna utaratibu wowote kwa wafiwa; si kila shirika linao, lakini kuuliza ni bure.

Hatua ya sita: lipa, hakiki, tunza

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, herufi kwa herufi. Ukihifadhi nafasi kwa kulipa baadaye kwa simu, angalia saa ya mwisho ya malipo, kwa sababu ikipita, kiti hurudi sokoni na huenda fungu likawa limefungwa. Hakikisha umepata tiketi yenye namba, si namba ya uhifadhi pekee. Aliye na namba ya uhifadhi bila tiketi hajalipiwa bado, hata kama wakala amepokea fedha. Acha namba yako mwenyewe ya simu kwenye mfumo, si ya wakala, ili ujumbe wa mabadiliko ya ratiba ukufikie.

Shirika likifuta safari, omba kupangiwa ndege nyingine au kurudishiwa fedha, na omba jibu kwa maandishi. Ukinyimwa bila sababu, peleka malalamiko Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambako pia lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ambatanisha tiketi, risiti ya malipo na ujumbe wote uliotumiwa, kwa mpangilio wa tarehe.